Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nao hawakukosea, kwani wembe ni ule ule na mkono ni ule ule, ila kisogo cha mwenye wembe ndicho kisichoonekana na macho yake mwenyewe. Methali hiyo hunijia kila nisomapo habari za watu waliotumia umri wao kuichunguza nafsi ya mwanadamu: watu waliojua kuliko sisi sote namna mazoea yanavyojengeka, na namna ajizi inavyotambaa ikamteka mtu kama magugu yalitekavyo shamba, na ambao wengi wao, pamoja na ujuzi wote huo, waliketi mbele ya karatasi tupu wakakuna vichwa na kusema kesho, kama mimi na wewe. Walakini wapo wachache waliothubutu kuugeuza wembe ukawaelekea wao, na kwa hao wachache ndiko nilikoikuta, baada ya kusoma sana na kushangaa si kidogo, siri ya wingi na ubora wa kazi zao, ikiwa neno siri lafaa kwa jambo ambalo wenyewe hawakulificha.

Nianze na B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyepata sifa na lawama kwa kibaba kimoja. Wengi wamjuao humjua kwa lile sanduku lake, ambamo panya hukandamiza kijiti cha chuma akapata tonge, na kwa ule mstari uliojichora wenyewe juu ya karatasi iliyokuwa ikizunguka polepole, ukipanda kila mnyama alipotenda na ukilala kila alipopumzika, hata mwenye kuutupia jicho mara moja akajua kama mnyama yule ana bidii au amezubaa. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mstari wa namna hiyo hiyo Skinner alijichorea na nafsi yake.

Chumba chake cha kuandikia kilikuwa chini ya nyumba, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, nacho kilikuwa na meza ndefu, kamusi karibu na mkono, na taa. Taa hiyo iliunganishwa na saa: ikiwashwa, saa huanza kwenda, ikizimwa, saa husimama, na kila ilipotimia jumla ya saa 12 za kazi, Skinner alitia nukta moja katika grafu yake, mstari ukapanda au ukalala bila ya kumpendelea kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Aliamka mapema, na katika miaka ya uzee alikuwa mezani tangu saa kumi na moja alfajiri hata saa moja, kabla dunia haijaanza kumwita. Aliwaambia wanafunzi kuwa mahali pa kuandikia pasitumiwe kwa shughuli nyingine, pawe na kila kitu kinachohitajiwa, na pawe pa kupendeza hata kwa harufu, maana mwandishi naye ni kiumbe, na kiumbe hurudi pale alipopata kheri. Nimelipenda sana hilo la harufu. Sisi watu wa pwani, ambao hatumkaribishi mgeni wa heshima bila kufukiza udi, hatukuwahi kufikiri kuikaribisha kalamu kwa namna hiyo.

Na mavuno yake je? Skinner alipiga hesabu akaona kuwa saa tatu au nne za kila siku zilimwachia maneno kama 100 yanayofaa kuchapishwa. Maneno mia, msomaji wangu, hayaijazi hata aya iliyotangulia hii. Mwandishi wa gazeti angefukuzwa kazi kwa maneno mia kwa siku. Lakini mia ikirudiwa kila alfajiri huwa elfu thelathini na sita na mia tano kwa mwaka, na mtu akidumu hivyo kwa nusu karne, watu husema alizaliwa na kipaji.

Alipofikia umri wa miaka 78, kumbukumbu ikianza kumponyoka, alisimama mbele ya wanasaikolojia wenziwe mwaka 1982 akawaeleza anavyouendesha ubongo wa mzee. Mfano mmoja hauniishi akilini. Umesikia katika habari kuwa mvua itanyesha, na safari yako ni baada ya dakika kumi. Usijiambie utakumbuka kuchukua mwavuli, bali inuka saa ile ile uutundike kwenye kitasa cha mlango, kisha rudi ukae. Utakapotoka, mwavuli wenyewe utakukumbusha. Katika kisa hicho kidogo imo falsafa yake nzima: asiutegemee moyo, apange vitu vinavyomzunguka vimsukume. Mimi simfuati Skinner katika yote aliyoyadai juu ya mwanadamu, na yapo mengi ambayo panya hawezi kutufundisha, lakini tangu siku niliyosoma maneno hayo mwavuli wangu haujasahauliwa nyumbani hata mara moja.

Yaweza kusemwa kuwa hayo ni mambo ya mtu mmoja, na kwamba kilichomfaa mwenye tabia ya saa hakiwezi kuwafaa wenye tabia ya mawimbi. Robert Boice, mwanasaikolojia aliyefundisha katika jimbo la New York na kutumia miaka mingi kuwatazama walimu wa vyuo vikuu wanavyoandika na wanavyokwepa kuandika, aliijibu hoja hiyo kwa jaribio alilolitangaza mwaka 1983. Aliwachukua walimu 27 akawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliamriwa kwa muda wa wiki kadhaa lisiandike lolote ila la dharura, ili fikra zijikusanye kama maji nyuma ya boma. La pili liliachiwa liandike moyo upendapo. Na la tatu lilifungwa kwa sharti chungu, kwamba siku mtu asipotimiza kurasa zake, fedha yake itapelekwa kwa jumuiya anayoichukia kuliko zote duniani. Wa kwanza walipata sehemu ya tano ya ukurasa kwa siku. Wa pili, pungufu kidogo ya ukurasa mmoja. Wa tatu, kurasa tatu na ushei. Hilo halistaajabishi, kwani fedha inayoelekea kwa adui humkimbiza hata mvivu. Lililostaajabisha lilikuwa katika fikra mpya, ambazo kila mmoja alitakiwa azitie katika daftari kila zilipomzukia: waliongojea ilhamu walipata fikra moja kwa kila siku tano, walioandika kwa kupenda moja kwa kila siku mbili, na wale waliolazimishwa walipata moja kila siku iendayo kwa Mungu. Yaani ilhamu, ambayo washairi wamembembeleza nayo msomaji kwa karne nyingi, ilikuwa ikiwajia wale waliokwisha kuketi.

Boice huyo huyo aliwaonya watu na ada ya kuandika kwa pupa, ile ya kungoja siku ya mwisho ikaribie, kisha mtu akakesha siku mbili mfululizo kwa kahawa na kelele, akaimaliza kazi akiwa ameichukia, na asiisogelee kalamu tena kwa mwezi mzima. Aliona kuwa wenye ada hiyo huandika kidogo na huhuzunika zaidi. Nakiri kuwa nilijitambua humo. Basi nikachukua saa ya kengele ambayo nyumbani kwangu ilikuwa ikipimia mikate, nikaiweka kando ya daftari, na kila niliposhika kalamu niliianzisha, nilipoiacha niliisimamisha. Siku ya kwanza, jioni, nilikuwa tayari kuapa mbele ya kadhi kuwa nimeandika kutwa. Daftari lilisema dakika 47. Zilizobaki zilikwenda katika kuchonga penseli, kujibu salamu, kuangalia kama chai imechemka, na kutafuta kitabu ambacho sikukihitaji.

Kinyume cha Skinner ni William James, naye pia wa Harvard, na kwa kalamu yake ndiye niliyempenda kuliko wote. Hakuna aliyeandika juu ya mazoea kwa uzuri kumshinda: alifundisha kwamba mwenye kutaka ada mpya aianze kwa nguvu zake zote, asiruhusu hata siku moja ya kuikosa mpaka iote mizizi, aitende mara ipatikanapo nafasi ya kwanza, na kila siku afanye jambo dogo asilolipenda, ili uwezo wa kujikaza usishike kutu. Mtu huyo, mwaka 1878, aliahidiana na mchapishaji Henry Holt wa New York kumwandikia kitabu cha elimu ya nafsi kwa miaka miwili, akaianza kazi katika fungate lake, kando ya mkewe mpya; na kitabu hicho, ambamo sura hiyo ya mazoea imo, kilitoka mwaka 1890. Miaka miwili ilizaa kumi na miwili. Macho yalimuuma, mgongo ulimuuma, wanafunzi walimngoja, barua zilimngoja, na alipomaliza zile kurasa zake kama 1,400 alimwandikia mchapishaji barua ya kukitukana kitabu chake mwenyewe, akadai kwamba kimethibitisha mambo mawili tu: kuwa elimu ya nafsi haipo, na kuwa mwandishi wake hajiwezi. Kitabu hicho kinasomwa hadi leo. Hapo ndipo mizani yangu inapoyumba, maana kama wingi wa kazi ungekuwa ni kutimiza muda tu, James angeanguka mtihani, ilhali makarani wengi wasiosomwa na yeyote wangefaulu.

Wala si yeye peke yake aliyehadaiwa na miaka miwili. Daniel Kahneman, ambaye pamoja na rafiki yake Amos Tversky alifichua namna akili inavyojidanganya ikadiriapo mambo, alikusanya jopo huko Israel katika miaka ya 1970 ili kutunga kitabu cha shule za sekondari juu ya uamuzi wa busara. Siku moja akamtaka kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi, bila kumwonyesha jirani, miaka iliyobaki kabla kazi haijaisha. Karatasi zote zilizunguka kwenye miaka miwili. Kisha akamgeukia bingwa wa mitaala aliyekuwa nao, akamwuliza majopo mengine ya namna hiyo yalichukua muda gani. Bwana yule alinyamaza kidogo, akakiri kwa haya kwamba majopo kama arobaini katika mia hayakumaliza kamwe, na yaliyomaliza yalichukua miaka saba hadi kumi. Na yeye mwenyewe, dakika chache nyuma, alikuwa ameandika miwili kama wenziwe. Walitazamana, wakajadiliana kidogo, wakaendelea na kazi kama kwamba hawakusikia kitu. Kitabu kiliisha baada ya miaka minane, na hapo hakuna aliyekitaka tena. Kahneman hakukificha kisa hicho. Alikisimulia hadharani maisha yake yote, akakifanya kuwa mfano wa hadaa aliyoitafiti.

Namna yeye na Tversky walivyofanya kazi haifanani kabisa na ile ya Skinner, na msomaji anayedhani kuwa nataka kumfunga kila mtu kwenye saa ya taa na atue hapa kidogo. Mmoja aliamka mapema, mwingine alikesha. Kwa hiyo walikutana wakati wa chakula cha mchana, wakazungumza alasiri nzima, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, kwa vicheko vingi. Mtu wa kwanza kujaribiwa kwa kila swali walilolitunga alikuwa ni mmoja wao: kama jibu la makosa liliwavutia wao, waliojua takwimu, walijua kuwa limo katika akili ya kila mtu. Siku iliyotoa sentensi moja au mbili zilizowaridhisha wote wawili waliihesabu kuwa siku ya baraka. Jina la nani litangulie katika makala yao ya kwanza waliliamua kwa kurusha sarafu. Makala yao ya mwaka 1974 katika jarida la Science yana kurasa chache tu, na ile nadharia yao ya mwaka 1979 juu ya hasara na faida ndiyo iliyompatia Kahneman Tuzo ya Nobel mwaka 2002, wakati Tversky alikuwa amekwisha kufariki miaka sita nyuma.

Kuhusu dawa ya ahadi zisizotimizwa, Peter Gollwitzer na mwenzake walifanya jaribio dogo huko Ujerumani ambalo huipita kwa uwazi kila nasaha niliyopata kupewa. Wanafunzi walitakiwa waandike habari ya usiku wao wa Krismasi katika siku mbili zifuatazo. Nusu yao waliulizwa jambo moja zaidi: utaandika saa ngapi, na ukiwa umeketi wapi? Waliotaja saa na mahali walitimiza karibu robo tatu yao. Wasiotaja, theluthi tu.

Yupo pia Sigmund Freud, ambaye kwa ratiba ni kama muadhini. Katika nyumba ya Berggasse namba 19 huko Vienna, alikoishi tangu mwaka 1891 hadi alipowakimbia Wanazi mwaka 1938, wagonjwa walianza kuingia saa mbili asubuhi, kila mmoja na muda wake wa saa moja kasoro dakika chache. Saa saba kamili chakula kilikuwa mezani. Kisha matembezi ya haraka kuzunguka barabara ya Ringstrasse. Saa tisa wageni wa ushauri, halafu wagonjwa tena hadi saa tatu ya usiku. Na baada ya chakula cha usiku, wakati watu wengine wanavua viatu, ndipo alipoketi kuandika hata saa saba usiku. Waandishi wa tarehe yake husifu nidhamu hiyo, nami naisifu. Lakini sioni watu wakiuliza ni nani aliyehakikisha kuwa supu iko mezani kwa dakika ile ile, na kwamba watoto sita hawapigi kelele mlangoni pa mgonjwa anayelia. Martha Freud hakuandika kitabu. Hesabu ya matunda ya mumewe ikipigwa bila yeye, ni hesabu yenye tarakimu moja iliyofutwa.

Mambo yalikuwa tofauti kwa mwanamke aliyemfuata mumewe Afrika Mashariki mwaka 1954 bila ya kuwa na kazi, akatoka na kitabu. Mary Ainsworth, Mkanada aliyekuwa amefanya kazi na John Bowlby huko London, alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Angeweza kukaa barazani akiandika barua za manung'uniko. Badala yake alitafuta jamaa 26 za Kiganda katika vijiji vilivyo karibu na mji, zenye watoto wachanga wasioachishwa ziwa, na kila wiki ya pili alikwenda kwa kila jamaa akakaa saa mbili, pamoja na mkalimani wake, kwa muda wa hadi miezi tisa. Aliuchagua wakati wa alasiri, maana ndio wakati ambao mama wa Kiganda, kazi za shamba zikiwa nyuma yake, huketi sebuleni na kupokea wageni. Kwa hiyo mtafiti aliingia kwa dasturi ya wenyeji, akaketi kama mgeni yeyote, akaangalia.

Naomba tukae naye humo sebuleni kidogo. Mtoto yuko chini. Mama anainuka kwenda uani. Mtoto anamfuata kwa macho, kisha kwa magoti. Mtu mwingine anamnyanyua, mtoto analia. Mama anarudi, mtoto ananyamaza, ananyoosha mikono, anauficha uso katika shuka ya mama, halafu, akisha kutulia, anageuka kumchungulia mgeni. Jambo kama hilo kila mmoja wetu ameliona mara elfu, na ndiyo maana hatukuliona. Ainsworth aliliandika: nani, lini, mbali kiasi gani, kwa sauti gani, akirudi nani. Tena alikuwa amekuja na hoja nyingine kabisa. Alikuwa amesikia kuwa kwa dasturi ya Waganda mtoto hupelekwa kwa jamaa wa mbali anapoachishwa ziwa, akataka kupima madhara ya kutengana huko; alipofika akakuta dasturi hiyo imekwisha kulegea, na watoto wengi hawapelekwi popote. Mtafiti mwenye haraka angewasaka wale wachache mpaka apate hesabu ya kumtosha. Yeye aliitupa hoja yake, akaanza kutazama kilichokuwapo mbele ya macho, yaani namna mtoto anavyojifunga na mama yake hatua kwa hatua, na namna anavyomfanya kuwa bandari ya kutokea na kurejea.

Kitabu juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, miaka zaidi ya kumi baadaye, wakati yeye alikuwa amehamia Baltimore, Marekani. Huko alirudia kazi ile ile kwa jamaa nyingine 26, safari hii kila wiki ya tatu, saa nne kwa kila ziara, mwaka mzima wa kwanza wa mtoto. Katika elimu ya nafsi ya leo hakuna anayezungumza juu ya mapenzi ya mtoto na mzazi bila kupita kwake, na chimbuko lake ni alasiri zile za Buganda, za kukaa na kutofanya lolote linaloonekana kuwa ni kazi. Ningemwambia mkuu yeyote wa idara anayehesabu makala za vijana wake kila mwisho wa mwaka kwamba Ainsworth, kwa hesabu hiyo, angekuwa mzembe kwa miaka mingi.

Nimewazungumzia watafiti kwa urefu, na matabibu wa nafsi wangoja kama kawaida yao. Shida yao ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtafiti akikosea, jarida humrudishia karatasi zake, ilhali tabibu akikosea, mgonjwa huaga kwa adabu asirudi, na tabibu akaandika kuwa amepona. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa matabibu 129, walioulizwa wajipime kwa kulinganishwa na wenzao. Hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani, na robo yao walijiweka katika kumi bora wa kila mia. Michael Lambert na wenziwe huko Utah waliona jambo la kuhuzunisha zaidi. Waliwataka matabibu wataje, kati ya wagonjwa wao 550, ni nani watakaozidi kuharibikiwa mwisho wa matibabu. Wakataja watatu. Walioharibikiwa walikuwa 40, na katika wale watatu mmoja tu ndiye aliyekuwa miongoni mwao.

Sidhani watu hao walikuwa wabaya au wavivu; ni kwamba kisogo hakionekani. Dawa ya Lambert ilikuwa karatasi yenye maswali 45, anayoijaza mgonjwa kabla ya kila kikao, ikachorwa mstari, na tabibu akaonywa mapema kwamba huyu unayemdhania anapanda, anashuka. Wanaoonywa hivyo huwapoteza wagonjwa wachache zaidi. Tazama jinsi mstari ule wa Skinner unavyorudi kwa mlango mwingine.

Carl Rogers alitangulia katika njia hiyo kwa ushujaa ambao leo hatuuthamini, kwa sababu kila mtu ana kinasa sauti mfukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha jimbo la Ohio, yeye na wanafunzi wake walinasa vikao vya ushauri kwa sahani za santuri, ambazo kila moja ilijaa baada ya dakika chache ikabidi ibadilishwe upesi, mgonjwa akiendelea kusimulia mambo yake. Kisha wakakaa kusikiliza. Mshauri aliyekuwa akiamini kuwa ni msikivu alijisikia mwenyewe akikatiza maneno ya mtu. Aliyejiona mpole alijisikia akihubiri. Mwaka 1942 Rogers alichapisha matibabu mazima ya mtu mmoja, neno kwa neno, vikao vyote, na makosa ya mshauri yakabaki humo kila mtu ayaone. Kabla ya hapo wakubwa wa fani walisimulia vikao vyao kwa kumbukumbu, na kumbukumbu, kama tujuavyo, ni mwandishi mwenye huruma kwa bwana wake.

Siku hizi mfano niupendao uko Harare. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa akili nchini Zimbabwe, aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza wagonjwa wa sonona kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kulihisi. Bibi hawa hawakuachwa na hekima ya uzee peke yake: walikuwa na maswali yao 14 ya kumpima mgonjwa, na mahali pamoja pa kukaa. Uchunguzi wa zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mabenchi yao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mtindo huo umevuka bahari hata ukafika Unguja.

Namrudia Skinner, kwa kuwa kisa chake sikukimaliza. Mwaka 1989 madaktari walimwambia ana saratani ya damu. Aliendelea kushuka katika kile chumba cha chini. Tarehe 10 Agosti 1990, akiwa amedhoofu sana, alisimama mbele ya mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani huko Boston, akazungumza kwa dakika kama kumi na tano bila karatasi, akawapinga wengi wa waliokuja kumpigia makofi. Kisha akarudi nyumbani kuyaandika yale aliyoyasema yawe makala. Aliyashughulikia hadi siku ya tarehe 17. Alifariki tarehe 18, na makala hayo yakachapishwa mwezi wa Novemba.